Wimbo wa Kwenda Nyumbani, Saa Nne Asubuhi

Juzi kijana mmoja anayesomea ualimu alinipigia simu mchana nikiwa nimejilaza. Akajitambulisha kwa adabu, akaniuliza: kati ya ngoma, kinanda na gita, ni kipi kinachomfaa zaidi mtoto mwenye usonji? Nilimsikia akibonyeza kalamu, tayari kuandika. Nikamwambia apige jioni, akili yangu imelala. Jioni akapiga kweli. Nikamwambia chombo cha kwanza ni masikio yake mwenyewe, cha pili ni kufunga mdomo, na vingine tutavizungumza akishapata hivyo viwili. Akacheka kidogo kwa heshima, akashukuru, akakata simu. Najua hakuandika kitu.

Basi nimeona heri niandike mimi, niwaandikie nyinyi nyote mnaoingia kazi hii sasa, mkiwa na simu zenye nyimbo chungu nzima na vile vifaa vya kuziba masikio ambavyo sisi hatukuwa navyo. Nisiwafiche, nimechoka. Magoti yananiuma, na sauti niliyojivunia ujana wangu wote siku hizi inakwaruza hata nikisalimia majirani. Mtu aliyechoka hana nguvu ya kujisifu, kwa hivyo mtanivumilia nikiwasimulia zaidi yale niliyoharibu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kwaya. Kwenye shule zote nilizofundisha hapa Nakuru, mkiingia ofisi ya mwalimu mkuu mngekuta vikombe vya ushindi juu ya kabati, na vingi ni jasho langu. Kisha nikakosana na mwalimu mkuu mmoja kuhusu rangi ya sare za kwaya, jambo la kijinga kabisa, na muhula uliofuata nikajikuta nimetumwa yuniti. Yuniti ni lile darasa la watoto maalum lililo nyuma ya shule, karibu na vyoo, ambalo wageni hawaonyeshwi. Shule yenyewe iko upande wa Kaptembwo, jina lake siliandiki. Nilijua nimeadhibiwa. Nikasema sawa, nitawaonyesha. Nitaunda kwaya hata huko.

Siku ya kwanza niliingia na ngoma, kayamba na filimbi shingoni. Watoto walikuwa kumi na wawili. Nikapuliza filimbi, nikapiga ngoma mapigo manne ya nguvu, vile nilivyozoea kuamsha kwaya iliyolala. Mtoto mmoja akaingia chini ya dawati. Wawili wakaziba masikio wakaanza kulia kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Mwingine alinifuata taratibu, akanishika mkono kama anayenisalimia, akaniuma. Kovu ninalo mpaka leo hapa juu ya kifundo cha mkono. Mwanamke aliyekuwa ameketi pembeni akisuka nywele za msichana mmoja aliinuka, akachukua ngoma, kayamba na filimbi, akaviweka nje, akafunga mlango.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa si uwanjani."

Huyo ndiye Anti Zuhura, msaidizi wa yuniti, mama wa mtaa wa Bondeni aliyekuwa amezaliwa katika zile nyumba za zamani za kaunsili na kuolewa hapohapo. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa amelea mdogo wake wa kiume ambaye hakuwahi kutamka neno maishani mwake, na elimu yake yote ilitoka hapo. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa mjini wenye asili ya pwani, na changu cha bara alikicheka kila siku ya Mungu. Nikisema "kitabu yangu" ananiuliza kama hicho kitabu kimebadilisha dini. Kila kitu ninachokijua kuhusu kazi hii nilikipata kwake, na kingine kwa watoto wenyewe. Chuoni nilipata karatasi.

Zuhura alinikalisha wiki mbili bila kuimba. "Kaa. Sikiliza wanavyolia, wanavyocheka, wanavyovumisha. Kila mmoja ana sauti yake, ukiisikia utajua pa kuingilia." Mimi, mtu wa vikombe, nikaketi kwenye kiti cha mtoto nikisikiliza. Siku ya sita nikagundua kwamba yule aliyeniuma alikuwa akigonga kijiko kwenye kikombe cha plastiki, mapigo mawili, pumziko, mapigo matatu, asubuhi yote bila kukosea. Wanakwaya wangu wa zamani wasingeweza. Nikachukua kijiko changu, nikagonga kama yeye, polepole. Akaacha. Hakunitazama, lakini vidole vyake vilitulia juu ya kikombe vikingoja. Nikagonga tena. Akajibu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza, na yalichukua robo saa.

Kwa hivyo shika hili: usitazame uso. Uso wa mtoto huyu hauna haraka ya kukuambia kitu, na wewe ukikodoa macho unamchokoza tu. Tazama vidole, tazama mabega. Mabega yakipanda, punguza sauti. Yakipanda bado, nyamaza kabisa. Usipige makofi mtoto akifanya vizuri, kwa sababu makofi kwake ni mabati yanayoanguka. Mwisho wa mstari wa wimbo acha pengo, usilijaze. Hesabu moja mpaka kumi ndani ya moyo wako. Siku moja mtoto atalijaza yeye, na wewe utajifanya hujashangaa.

Na msiwadanganye wazazi. Nilipoanza, neno usonji halikuwa midomoni mwa watu. Wazazi walitufikia wakiwa wamekwisha kuzungukia waombezi na waganga, na wakisikia habari za muziki wanadhani hiyo ndiyo dawa iliyobaki. Waambieni wazi kwamba muziki hauponyi kitu. Unafungua kadirisha, basi, na kwa watoto wengine hata hako hakafunguki. Tulikuwa na mmoja aliyechukia muziki wa kila aina, hata kuimbiwa kwa kunong'onezwa. Alichopenda ni mngurumo wa poshomili, ile mashine ya kusaga unga. Tulikuwa tunampeleka pale nje ya poshomili akae dakika kumi, anarudi ametulia kuliko sisi. Mwenye mashine alitushangaa mwaka mzima, halafu akamwekea kigoda.

Njia yetu kubwa ya kazi ilikuwa nyimbo za shughuli. Watoto wengi wa yuniti maneno matupu yaliwapita, lakini neno likipanda juu ya sauti ileile kila siku, linakaa. Tukawa na wimbo wa salamu, wimbo wa kunawa mikono, wimbo wa uji, wimbo wa choo, na wimbo wa kwenda nyumbani. Kila mmoja una kazi yake moja tu. Na lazima uuimbe vilevile. Mwaka mmoja nilishikwa na mafua, sauti ikashuka kama ya fahali, nikaimba wa kunawa chini kidogo ya kawaida. Yule wa kijiko akanitazama mdomo, akakunja mikono yake michafu kifuani, na hakunawa mpaka nilipopona. Zuhura alimfuta kwa kitambaa siku nne akinilaumu mimi kwa kutokunywa tangawizi.

Sheria ya Zuhura ilikuwa moja. Wimbo wa kazi usiuimbe kama kazi yenyewe haipo. Niliijifunza kwa uchungu. Siku moja uji ulichelewa jikoni, nami nikiwa nasahihisha madaftari nikajikuta navumisha wimbo wa uji bila kujua. Nilipoinua kichwa, watoto kumi na wawili walikuwa wamepanga mstari wakiwa na vikombe. Uji ulifika baada ya dakika arobaini. Sitawaeleza hizo dakika arobaini zilivyokuwa, ila meza mbili zilipinduka na mimi nililia mbele ya watoto. Zuhura aliniambia, "Wao hawaimbi kwa raha zao, mwalimu. Wewe umewaambia uji upo. Umewadanganya." Nikasema nimeelewa. Nilidhani kweli nimeelewa.

Sasa niwaambie kuhusu Cherono, kwa maana ndiye aliyenifanya nikae chini kuandika haya yote.

Cherono alikuwa na miaka tisa alipokuja, msichana mrefu, mwembamba, asiyesema neno lolote na asiyegeuka ukimwita jina. Waliishi na mama yake chumba kimoja ndani ya ploti ya vyumba vya kupanga kule Rhonda. Baba hatukuwahi kumwona. Mama Cherono alikuwa akifua nguo katika nyumba za watu upande wa pili wa mji. Asubuhi anamleta mtoto akiwa amemshika mkono, saa tisa unusu anamchukua akiwa amemshika mkono, na katikati hapo anafua. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ungemsalimia, "Habari ya leo, Mama Cherono," angejibu, "Tuko, mwalimu," na safari inaendelea.

Mwaka mzima Cherono hakuitikia wimbo wowote. Aliketi karibu na mlango akizungusha kifuniko cha chupa. Kisha alasiri moja tulikuwa tunaimba wimbo wa kwenda nyumbani, ule nilioutunga mwenyewe:

*Begi mgongoni,*
*viatu miguuni,*
*mlango uko wazi,*
*twende…*

Hapo nikaacha pengo kama kawaida. Na kutoka pale mlangoni, mdomo ukiwa umefungwa, Cherono akavumisha "nyumbani". Silabi tatu, sauti sawasawa, haikupanda hata unywele. Kisha akasimama, akachukua begi lake kwenye msumari, akalivaa, akaenda kusimama getini kumngoja mama yake. Tangu siku hiyo hakukosa hata mara moja. Mama yake alipoona mara ya kwanza mtoto anamngoja mwenyewe amevaa begi, alinitazama mimi, akamtazama mtoto, akasema, "Nani amemwambia?" Nikamwimbia wimbo ili ajue. Akausikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa. Siku hiyo nilirudi kwangu nikitembea kama mtu aliyeshinda kombe la taifa.

Na hapo ndipo tatizo langu lilipo. Mtu wa vikombe haponi.

Ilikuja barua kwamba kuna wageni wanatoka ofisi ya elimu kuangalia yuniti. Tulikuwa tunaomba darasa jipya lenye choo chake na ua wake, kwa sababu hapo tulipokuwa hapakufungika. Mwalimu mkuu alikuwa mwingine wakati huo, mama mmoja mwenye wasiwasi mwingi, na alinijia mara tatu: "Mwalimu Wafula, wageni wakiingia watoto waimbe kitu. Kitu kizuri." Asubuhi hiyo Zuhura akaniambia, akifunga leso kiunoni, "Waimbishe ule wa salamu, mwalimu. Basi."

Wimbo wa salamu ulikuwa dhaifu. Nusu ya watoto hawakuupenda na nusu nyingine waliuimba wakitazama dirisha. Wageni waliingia saa nne asubuhi, watu watano na kamera. Zuhura alikuwa ametoka kumpeleka mtoto mmoja chooni. Nikawatazama wageni, nikaona jinsi walivyokaa, kwa ile huruma ya kuangalia saa. Kwaya yote iliyokuwa ndani yangu ikaamka. Nilitaka wasikie kitu. Nikainua mkono nikaanzisha wimbo mmoja ambao watoto wangu waliuimba vizuri kuliko wote, ule wa kwenda nyumbani.

Waliimba, jamani. Hata sasa sijutii jinsi walivyoimba. Nilipoacha pengo, "nyumbani" ya Cherono ilitoka pale mlangoni safi kabisa, na mgeni mmoja akafuta macho. Kisha watoto wote wakasimama wakaenda kuchukua mabegi. Wageni wakadhani ni sehemu ya onyesho, wakacheka, wakapiga makofi. Makofi ya watu watano ndani ya chumba cha mabati. Wawili wakajitupa chini wakipiga kelele, mmoja akakimbilia chini ya meza, mimi nikawa nazunguka nikisema ketini, ketini, bado, na maneno yangu hayakuwa na maana yoyote kwa mtu yeyote.

Zuhura alirudi akatazama chumba. Alihesabu kwa kidole.

"Kumi na moja," akasema. "Cherono yuko wapi?"

Geti lilikuwa wazi kwa ajili ya magari ya wageni. Soja, mlinzi wa geti, alikuwa amesimama kando ya gari moja akijibu maswali ya dereva. Hakuona mtoto.

Tulitafuta vyooni, jikoni, nyuma ya tanki la maji. Mwalimu mkuu akaniomba kwa sauti ya chini nisipige kelele mpaka wageni waondoke, na sitamlaumu, kila mtu alikuwa na chake cha kuogopa. Zuhura akampigia mama simu. Imezimwa. Huwa anaizima akifua, Zuhura alisema, maji yaliwahi kumharibia nyingine. Kisha Zuhura akaniambia, "Nenda kwao."

Nami nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka moja moja: "Kwao ataendaje, Zuhura? Njia haijui. Anashikwa mkono kila siku. Na nyumba imefungwa."

Zuhura alibaki kwa sababu watoto kumi na mmoja hawawezi kuachwa. Mimi nikatoka, na nikajifanya mtaalamu. Nikajiambia, huyu ni mtoto wa muziki, atakuwa amefuata muziki. Nikaenda duka la simu lenye spika mbili nje. Nikaenda kwa kinyozi. Nikaenda kanisa moja Kaptembwo ambako vijana walikuwa wanafanyia mazoezi ya kinanda, nikatazama chini ya kila benchi. Vijana wa boda wakaniuliza, "Mzee, unatafuta nani?" Nikawaeleza. Mmoja akasema, "Huyo haongei? Na ukimwita anaskia?" Nikasema anasikia lakini hageuki. "Sasa tutamjua aje, mzee?" Nikasema anavumisha. Walinitazama kwa huruma, wawili wakawasha pikipiki wakaenda kuzunguka, Mungu awabariki.

Saa saba nilikuwa upande wa ua wa mbuga ya wanyama, nikitazama nyasi ndefu ng'ambo na kufikiria nyati. Saa nane nilikuwa kituo cha polisi. Afande aliandika vizuri, hakuwa mtu mbaya. Jina? Cherono. Anaitikia jina? Hapana. Anaweza kutaja kwao? Hapana. Alama yoyote? Nikafikiri, nikamwambia, anaweza kushika sauti bila kukosea. Afande akainua kalamu, akaniuliza, "Hiyo niandike wapi, mwalimu?"

Saa tisa unusu nilikuwa nimerudi getini. Nilitaka mama anikute mimi. Alikuja kwa mwendo wake uleule, mikono imechakaa kwa sabuni, na kabla hajanisalimia alitazama mahali ambapo mtoto huwa anasimama. Nikamwambia. Nilitegemea apige nduru. Hakupiga.

"Alitoka saa ngapi?"

"Saa nne."

"Mlikuwa mnafanya nini saa nne?"

"Tulikuwa tunaimba."

"Mnaimba wimbo gani?"

Nilimtajia. Nilikuwa na miaka hamsini na saba na sikuweza kumtazama. Mama Cherono akageuka akaanza kutembea, halafu akakimbia. Nikamfuata nyuma. Tukashuka ile njia ya vumbi, tukavuka barabara ya malori ambayo hata mimi huivuka kwa sala, tukapita poshomili, tukapita wauza makaa, tukaingia Rhonda kona baada ya kona mpaka ploti moja yenye mlango wa bati.

Cherono alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha chumba chao, mgongo ukiegemea mlango wenye kufuli. Begi mgongoni, viatu miguuni. Sketi yake ilikuwa imelowa mkojo, ikakauka, ikalowa tena. Kando yake palikuwa na nusu chapati ambayo hakuila. Jirani aliyekuwa akifua akasema, "Huyu ameketi hapo tangu asubuhi. Nilidhani mathe yake ako ndani."

Muda wa saa tano na nusu. Mtaa mzima unatafutwa, polisi wanaandika, mimi nachungulia chini ya mabenchi ya kanisa, na mtoto amefanya sawasawa nilivyomwambia. Alivuka ile barabara peke yake. Alipinda kila kona. Mimi ndiye niliyemfundisha, na katika watu wote mimi ndiye niliyekataa kwamba amejifunza.

Zuhura hakuzungumza nami mpaka kesho yake saa sita. Kisha akasema tu, "Uliimba vizuri, nasikia," akaendelea kumlisha mtoto. Ningependa angenitukana.

Cherono hakuja shule siku iliyofuata, wala wiki iliyofuata. Alirudi baadaye, nisiwaweke roho juu. Lakini niliamini hatarudi, na siku ya kumi nikaenda Rhonda kumwomba mama yake msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima.

Mama Cherono alinifungulia akiwa anajiandaa kwenda kufua, akanipa kigoda. Chumba kilikuwa safi. Cherono alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, kifuniko chake cha chupa mkononi. Ilinichukua muda kuona kwamba kifundo chake cha mguu kilikuwa kimezungushwa leso kuukuu, na leso imefungwa kwenye mguu wa kitanda.

Mama aliona ninapotazama. Hakuificha.

"Ni ya siku zote, mwalimu," akasema. "Tangu aanze kutembea. Jumamosi nikienda kufua, likizo nikienda kufua, namfunga. Namwachia maji na chakula. Nilipompatia nafasi kwenu nikasema sasa itakuwa Jumamosi peke yake. Lakini huko kwenu alitoka. Hapa akiwa amefungwa, najua yuko."

Hayo maneno niliyoyapanga yote yaliniisha. Nikamwambia lile moja lililobaki, la kweli. "Mama, hakupotea. Sisi ndio tulipotea. Yeye alikuja kwao. Anajua kwao kuliko nilivyojua mimi."

Nje mtu alikuwa akipiga misumari kwenye bati. Nilipomwangalia tena alikuwa analia bila sauti, akijifuta kwa kiganja.

"Usiniambie hivyo, mwalimu," akasema. "Kama anajua kwao, miaka hiyo yote nilikuwa namfunga nini? Nikifungua hii leso sasa, nitamtazama na uso gani?"

Nilishuka kutoka kwenye kigoda, nikapiga magoti, na yeye akapiga magoti upande wa pili, tukaanza kufungua fundo pamoja. Lilikuwa limekaza kwa miaka ya kufungwa palepale. Hatimaye likaachia. Mama akaivuta leso, akaikunja, akaiweka mapajani mwake.

Cherono hakusogea. Leso ilikuwa imetoka, na mguu wake ulibaki palepale ulipokuwa, umenyooshwa kuelekea kitandani, kama vile bado umeshikwa. Mama akautazama mguu huo. Mimi nikautazama. Hakuna aliyeugusa na hakuna aliyeimba. Tuliketi sakafuni sisi watu wazima wawili, tukangoja autoe mwenyewe.